Stepu Zina Wenyewe

Leo nazungumzia video za muziki, hasa zile chache ambazo miaka inapita nazo hazipiti. Siku hizi mtu akitaka kupima ukubwa wa video hufungua simu akasoma idadi ya watazamaji. Mimi natumia kipimo kingine. Nenda harusini, iwe Kinondoni au Kisauni, ukae mpaka chakula kimeliwa, zawadi zimetolewa na MC amempa DJ ruhusa ya kufungua muziki. Wimbo fulani ukianza, shangazi wa bwana harusi anaondoka kitini, anamwachia jirani mkoba, anajipanga mstari mmoja na watoto wa shule ya msingi, na wote wanageuka upande mmoja kwa wakati mmoja bila ya mtu kuwaelekeza. Hakuna aliyefanya nao mazoezi. Stepu wamezipata kwenye video, pengine miaka kumi iliyopita, na mwili haujazisahau.

Kwangu mimi hiyo ndiyo video iliyodumu. Sisemi kwamba nyingine hazina thamani. Mwaka 1986 Peter Gabriel wa Uingereza alilala chini ya kioo kwa saa 16 ili picha zake zipigwe moja baada ya nyingine, na matokeo yake ni video ya Sledgehammer, iliyoondoka na tuzo tisa za MTV mwaka uliofuata. Mwaka mmoja kabla yake, kundi la a-ha la Norwei lilitoa Take On Me, ambamo mwanamume wa michoro ya penseli anamnyooshea mkono msichana aliyekaa mgahawani na kumvuta ndani ya kitabu cha katuni. Maelfu ya michoro ilichorwa kwa mkono kwa ajili ya dakika zile chache. Ni kazi za ufundi mkubwa, na kila zinapooneshwa nazitazama mpaka mwisho. Lakini ndivyo zilivyo: zinatazamwa. Hakuna shangazi anayeacha mkoba wake kwa sababu ya michoro ya penseli.

Kwa hiyo tuanze na video ambayo imewainua watu vitini kuliko nyingine yoyote niijuayo, nayo ni Thriller ya Michael Jackson.

Albamu yenyewe ilitoka tarehe 30 Novemba 1982. Ilipofika katikati ya mwaka 1983 ilikuwa imeshatoa nyimbo moja baada ya nyingine zilizopanda juu kwenye chati, na mauzo yalikuwa yameanza kushuka kama yanavyoshuka mauzo ya kila albamu. Wimbo wa Thriller ungekuwa wa saba kutolewa peke yake. Kampuni ya kurekodi haikuona sababu ya kumwaga fedha kwa ajili ya wimbo wa saba wa albamu iliyokwisha kuuzwa kwa mamilioni. Jackson alikuwa ameiona filamu ya kutisha ya An American Werewolf in London, ya mwaka 1981, ambamo kijana anageuka mbwamwitu mbele ya macho ya mtazamaji, na alitaka na yeye ageuzwe hivyo. Akamtafuta mwongozaji wake, John Landis. Landis akaja na Rick Baker, fundi wa vipodozi vya filamu aliyepata Oscar kwa filamu ile ile. Walichopanga hakikuwa video ya dakika nne. Ilikuwa filamu fupi inayokaribia dakika 14, yenye hadithi ndani ya hadithi.

Fedha zikapatikana kwa njia ambayo naomba uishike, maana nitairudia. Vituo vya televisheni vya Showtime na MTV vililipia filamu nyingine, ya kuonesha jinsi Thriller inavyotengenezwa: mazoezi, upakaji wa vipodozi, kamera barabarani. Ile filamu ya nyuma ya pazia ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama za video yenyewe. Baadaye ikatolewa kwenye kanda, ikauzwa madukani kwa mamia ya maelfu ya nakala, wakati ambapo kununua kanda ya video na kukaa nayo nyumbani kulikuwa bado jambo geni hata huko Marekani.

Sasa nimtaje mtu ambaye ndiye sababu ya mazungumzo haya. Anaitwa Michael Peters. Alizaliwa Brooklyn, New York, akakulia kwenye dansi za jukwaani, na mwaka 1982 yeye na Michael Bennett walipata tuzo ya Tony kwa stepu walizotunga kwa ajili ya mchezo wa Dreamgirls wa Broadway. Jackson alimchukua kwanza kwenye video ya Beat It. Wale mnaoikumbuka, kuna magenge mawili yanapambana kwa visu, na kiongozi wa genge moja amevaa mavazi meupe. Huyo ndiye Peters mwenyewe, anaongoza kwa mwili kile alichokitunga kwa akili.

Kwenye Thriller walikabiliwa na swali gumu. Maiti waliofufuka watacheza namna gani bila kuchekesha? Jackson alisimulia baadaye kwamba yeye na Peters walijifungia chumbani, wakasimama mbele ya kioo, wakawa wanakunja nyuso na kujaribu jinsi mfu angetembea. Walichotoka nacho unakijua hata kama hujawahi kukitazama kwa makini. Mikono imeinuliwa, vidole vimekunjwa mfano wa makucha, inapelekwa kulia kisha kushoto. Bega moja linaruka. Kichwa kinaanguka upande mmoja ghafla kana kwamba shingo imekatika. Mguu unakokotwa. Halafu wote kwa pamoja wanapiga makofi juu ya kichwa na kuvuta hatua.

Zitazame stepu hizo kwa jicho la mcheza ngoma. Hazihitaji mtu kupasua msamba wala kuzunguka kwa kichwa. Mzee mwenye goti bovu anaweza kukokota mguu. Tena atapendeza zaidi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukunja vidole. Ugumu wake uko kwenye kwenda pamoja, na kwenda pamoja ndiko kunakowapa watu raha. Peters alitunga ngoma ya kundi, yenye nafasi ya kila mtu, na ndiyo maana naiona kubwa kuliko ujanja wote wa vipodozi uliogharimu fedha nyingi.

Na ile kanda ya nyuma ya pazia? Ndani yake mtazamaji aliwaona wacheza dansi wakiwa mazoezini, bila vipodozi vya maiti, wakihesabu na kurudia. Ukiwa na deki unarudisha nyuma, unatazama tena, unasimama mbele ya televisheni unajaribu, unarudisha tena. Filamu iliyotengenezwa ili kulipia gharama ikawa shule. Redio ilikuwa imeshausambaza wimbo duniani. Kanda ikasambaza stepu.

Kwetu huku jambo hili lina sura yake. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, jambo ambalo Wazanzibari hawachoki kulitaja na wana haki ya kulitaja. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka ilipofika mwaka 1994. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Tanga aliyeiona Thriller katika miaka ya 1980 aliiona kwenye kanda iliyobebwa na msafiri, nyumbani kwa mwenye deki au kwenye banda la video, ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala, picha imefifia na rangi zimekimbia. Hata hivyo stepu zilionekana. Bega likiruka linaruka hata kwenye picha mbovu. Februari 1992 Michael Jackson alipotua Dar es Salaam, Bara bado haikuwa na televisheni, na hapakuwa na haja ya mtu kumtambulisha kwa vijana wa mjini.

Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba huo ulikuwa uigaji mtupu, kwamba vijana wetu walimeza cha Wamarekani bila kutafuna. Sikubaliani naye hata kidogo, na nitasema kwa nini. Watu wa pwani hii walikuwa wakitazama maonesho ya wageni na kuyageuza ngoma zao kabla ya televisheni kubuniwa. Kumbukeni beni. Kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, watu wa Lamu na Mombasa walitazama magwaride na bendi za tarumbeta za wazungu, wakazichukua wakazifanya ngoma za mashindano, zenye sare, vyeo na mistari iliyonyooka. Baada ya muda mfupi beni ikawa imeenea Tanganyika nzima, kukawa na Arinoti na Marini, kila upande na wafuasi wake, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi wakaibeba mpaka mbali zaidi. Gwaride liliingia kwenye miili ya watu, likatoka likiwa limebadilika, na nyimbo za beni zikamsema mtawala mwenyewe. Kijana wa Ilala aliyesimama mbele ya deki mwaka 1985 akijifunza kukokota mguu alikuwa mjukuu halali wa wacheza beni.

Nirudi Marekani kidogo, kwa sababu kuna upande wa Jackson usiopaswa kupitwa. MTV ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, na katika miaka yake ya mwanzo wasanii weusi walikuwa wachache mno kwenye kioo chake. Wenye kituo walisema wao ni kituo cha muziki wa rock na kwamba huo ndio mpangilio wao. Rick James alilalamika hadharani baada ya video yake kukataliwa. Mwaka 1983 David Bowie, mzungu na nyota wa rock, alipokuwa akihojiwa na MTV yenyewe, alimgeuzia mtangazaji swali: kwa nini weusi ni wachache hapa? Mwaka huohuo, mwezi Machi, video ya Billie Jean ikaanza kuoneshwa, ile ambayo vigae vya njiani vinawaka taa kila Jackson anapokanyaga. Inasimuliwa kwamba mkuu wa CBS Records, Walter Yetnikoff, alitishia kuwanyima MTV video za wasanii wake wote. Wakuu wa MTV kwa miaka mingi wamekanusha. Lisilo na ubishi ni kwamba baada ya Billie Jean, Beat It na Thriller, hakuna aliyeweza tena kusema kwamba watazamaji wa MTV hawataki kumwona mtu mweusi. Thriller yenyewe ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye kituo hicho tarehe 2 Desemba 1983, na kituo kikawa kinatangaza saa itakayorudiwa, kama vile watu wanavyotangaziwa saa ya mechi.

Maisha yake baada ya hapo ni marefu. Mwaka 2007, katika gereza la Cebu nchini Ufilipino, wafungwa wapatao 1,500 waliovalia sare za rangi ya chungwa waliicheza uwanjani, na mkuu wao akaiweka video mtandaoni. Ulimwengu ukashangilia, na wengine wakauliza swali la haki kabisa, kwamba mfungwa anaweza kweli kukataa kucheza? Agosti 2009, miezi miwili hivi baada ya Jackson kufariki, watu 13,597 waliicheza kwa pamoja Mexico City na kuvunja rekodi ya dunia. Mwishoni mwa mwaka huohuo Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza Thriller kwenye orodha ya filamu za kutunzwa kwa niaba ya taifa, na ikawa video ya kwanza ya muziki kupata nafasi hiyo. Mwaka 2011 koti jekundu alilolivaa Jackson, lililobuniwa na Deborah Nadoolman Landis, likauzwa mnadani kwa dola milioni 1.8.

Koti lina bei, na aliyelibuni anajulikana. Filamu ina mwongozaji anayejulikana. Wimbo una mtunzi anayejulikana, Rod Temperton. Lakini wale watu 13,597 wa Mexico City hawakuvaa koti lile, wala hawakuiongoza filamu. Walicheza stepu za Michael Peters. Peters alifariki mwaka 1994. Muulize mpenzi yeyote wa Michael Jackson, anayejua mpaka jina la sokwe wake, kama anajua jina la aliyetunga mguu ule wa kukokota. Wengi hawajui, na jambo hilo linaniuma.

Kama ingekuwa habari ya mtu mmoja wa miaka ya 1980 tungesema yamepita. Lakini mambo haya yanaendelea, na yametufikia karibu na nyumbani.

Mwaka 2011 Beyoncé alitoa video ya Run the World. Ndani yake wamo vijana wawili wembamba waliosimama kila mmoja upande wake, mabega yanapanda na kushuka kwa namna ambayo ukiwa unatoka kusini mwa bara unaitambua mara moja. Ni kikundi cha Tofo Tofo, kutoka Msumbiji. Beyoncé na watu wake waliwaona mtandaoni, wakawatafuta kwa miezi kadhaa, na walipojaribu kujifunza stepu zile kwa kutazama tu wakashindwa, wakaamua kuwaleta wenyewe Los Angeles ili wawafundishe na waonekane kwenye video. Naliheshimu sana jambo hili. Yeyote aliyeitazama video ile anaweza kuwaona wenye stepu wakicheza stepu zao, kwa nyuso zao. Wangeweza kukopiwa kimyakimya. Wengine wengi wamekopiwa hivyo.

Na Beyoncé huyohuyo ana video ya Single Ladies, ya mwaka 2008: wanawake watatu, ukuta mtupu, rangi nyeusi na nyeupe. Video haikuwa na ghorofa, gari wala bahari. Ikazagaa dunia nzima kuliko video zake zilizogharimu mara kadhaa zaidi, maana ilikuwa ni miili mitatu tu na stepu zinazoonekana wazi kuanzia utosi hadi kidole cha mguu. Waliozitunga walikuwa wamezichota sehemu fulani kwenye kazi ya Bob Fosse ya mwaka 1969. Mmoja wao, JaQuel Knight, mwaka 2020 alifanikiwa kuzisajili kama mali yake kisheria, baada ya kuziandika kwa alama maalumu za maandishi ya dansi. Miaka 12 ilipita kati ya kutunga na kumiliki.

Sasa Jerusalema. Wimbo ni wa Master KG wa Afrika Kusini, sauti ni ya Nomcebo Zikode, na ulitoka mwishoni mwa mwaka 2019. Wimbo mzuri, wa kumlilia Mungu. Lakini kilichoubeba ni kundi la marafiki wa Luanda, Angola, wacheza dansi wanaojiita Fenómenos do Semba, ambao Februari 2020 walijirekodi wakiucheza uani huku wameshika sahani za chakula mkononi. Mmoja anaanza, mwingine anajiunga, tonge linaingia mdomoni, mguu unagonga mbele, nyuma, wanageuka. Hawakuwa na Rick Baker, wala Showtime wa kuwalipia. Wiki chache baadaye dunia ikafungwa kwa ajili ya korona, na watu waliofungiwa wakaiona ile sahani, ile furaha ya uani, wakaitaka. Wauguzi waliicheza kwenye korido za hospitali, watawa wakaicheza mbele ya makanisa, Septemba 2020 Rais Cyril Ramaphosa akawaomba wananchi wake waicheze Siku ya Urithi. Polisi wa Uswisi waliicheza, wakawapa changamoto polisi wa Ireland, nao mwanzoni mwa 2021 wakaijibu kwa stepu.

Halafu ikaja ankara. Mwaka 2021 kampuni ya Warner Music nchini Ujerumani ilizitaka taasisi zilizotumia wimbo huo kwenye video zao, zikiwemo za polisi, zilipe ada ya leseni. Kisheria walikuwa na haki; wimbo ni mali ya watu, na msanii anastahili kulipwa. Nakubali bila kusita. Lakini ankara ile ilikuwa ya wimbo. Wauguzi na polisi wa Ulaya hawakuwa wameimba. Walikuwa wamecheza, na walichokicheza kilitoka uani Luanda. Stepu hazikutumiwa ankara na mtu yeyote.

Tuje nyumbani. Mwaka 2014 Sauti Sol wa Kenya walitoa Sura Yako, na pamoja nayo mtindo wa kucheza walioupa jina la Lipala. Stepu nyepesi, za kiungwana, ambazo baba mkwe anaweza kuzicheza akiwa na koti lake la suti bila kupoteza heshima. Wakawahimiza watu wajirekodi. Julai mwaka uliofuata Rais Barack Obama alifika Nairobi, na kwenye dhifa ya Ikulu akasimama, akaicheza Lipala pamoja na Sauti Sol na wenyeji wake. Wapo waliolichukulia kama kichekesho cha usiku mmoja. Mimi naliona kuwa miongoni mwa mafanikio makubwa ya video ya muziki katika ukanda huu: mgeni wa heshima kuliko wote, mwana wa baba Mkenya, alipotaka kuonesha kwamba yuko kwao, alionesha kwa stepu.

Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mr. Nice aliwatoa watoto nje kote Afrika Mashariki kwa mtindo alioupa jina la Takeu, kwa herufi za mwanzo za Tanzania, Kenya na Uganda. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi. Waombe wakuoneshe, wataacha wanachokifanya na watakuonesha. Kisha waulize majina ya madensa waliokuwa nyuma ya Mr. Nice kwenye zile video.

Hapo ndipo ninapopataka, msikilizaji. Fungua leo video yoyote mpya ya msanii wetu. Utasoma jina la msanii, la prodyuza, la mwongozaji, mara nyingi na la mwenye nguo na mwenye gari. Madensa wanane wamecheza kwa jasho tangu mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi hutaona jina la hata mmoja. Aliyetunga stepu hatajwi. Watoto mtaani wataimba kiitikio kwa miezi mitatu na kukiacha; stepu watakaa nazo miaka thelathini. Kile kinachodumu zaidi ndicho kisichoandikiwa jina.

Sheria si kisingizio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inazitaja kazi za uchezaji dansi miongoni mwa kazi zinazolindwa. Mtunga stepu ana mlango wa kugonga. Lakini atagongaje ikiwa hana maandishi yoyote yanayosema kwamba siku fulani, kwenye wimbo fulani, kazi hii ilikuwa yake? Jina mwishoni mwa video ndiyo karatasi yake ya kwanza. Haligharimu shilingi.

Nawaomba waongozaji wa video wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bujumbura na Goma: kabla ya kukodi gari la kifahari, ongeza siku mbili za mazoezi ya madensa. Ufunge kamera mahali ambapo mtu wa nyumbani ataona mwili mzima na miguu yake, usikate picha kila sekunde moja, maana stepu iliyokatwakatwa haijifunziki. Chukua na simu urekodi mazoezi, uyatoe na yenyewe. Thriller ilifundisha dunia kwa kanda ya mazoezi. Na mwishoni uandike majina yote, la mtunga stepu likiwa la kwanza.

Nawaomba pia wenye studio, vituo vya televisheni na familia za wasanii. Video nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku, na kanda ikikaa kwenye joto na unyevu wa pwani yetu huota ukungu, ikafutika. Marekani wameiweka Thriller kwenye hazina ya taifa. Za kwetu ziingizeni kwenye kompyuta mwaka huu, pamoja na majina ya waliocheza, maadamu wenyewe wangali hai na wanaweza kuulizwa. Na wewe dada, na wewe kaka, uliyecheza nyuma ya msanii yeyote ukiwa na miaka kumi na tisa, chukua karatasi leo. Andika jina lako, jina la wimbo, mwaka, na jina la aliyewafundisha, kisha umkabidhi mwanao akutunzie.